Mambo ya Nyumbani: Kuku Avunjaye Yai Lake



Mwezi uliopita tulizungumza habari za kuhifadhi mahindi ghalani. Mwezi huu nataka tutoke ghalani tuingie bandani, tuwatazame kuku watagao. Maana mahindi yale yale tuliyoyahifadhi kwa taabu, wengi wetu huwatupia kuku, tukadhani ya kwamba tumekwisha kuwalisha. Nami nasema wazi tangu mwanzo kwamba habari hii sikuipata kwa kusoma tu. Nimejifunza kwa aibu.

Wazee wetu wana methali isemayo, "Kuku havunji yai lake." Maana yake ni kwamba mzazi hamdhuru mwana wake mwenyewe. Methali ni njema, wala sina neno nayo. Walakini katika uwanja wangu kuku walivunja mayai yao wakayala, na mimi, kwa sababu sikuweza kuwadhania kuku jambo kama hilo, nikamwadhibu mtoto asiye na kosa.

Mambo yalikuwa hivi. Mama watoto alikuwa na kuku 12 wa chotara. Walikuwa wakizunguka uwanjani tangu asubuhi hata jioni, wakichakura chini ya migomba na kando ya jalala, na kila siku tulikusanya mayai 8 au 9. Fedha ya mayai tuliiweka kwa ajili ya binti yetu, aliyekuwa karibu kwenda shule ya bweni. Zilipokuja mvua za kupanda, kuku wakaingia katika shamba la jirani, wakafukua mbegu zake. Jirani alikuja mara ya kwanza kwa upole. Mara ya pili upole ulikuwa umepungua. Basi tukawafungia kuku bandani, tukawapa mahindi na pumba asubuhi na jioni, tukaona tumefanya haki kwa jirani na kwa kuku pia.

Baada ya majuma matatu mayai yakapungua. Yakawa 6, kisha 4, hata siku moja mtoto akarudi na mayai mawili tu. Mtoto huyo ni mpwa wangu, mwana wa marehemu dada yangu, tunayemlea sisi. Wakati ule alikuwa na umri wa miaka 11, na kazi yake ilikuwa kuokota mayai akirudi shuleni. Nikamwuliza, "Mayai mengine yako wapi?" Akajibu, "Mjomba, sikuyaona mengine." Nikamwuliza tena, naye akajibu neno lile lile. Nikakumbuka kwamba njiani mwa shule huuzwa maandazi, nikaunganisha mambo mawili yasiyohusiana, nikamchapa mbele ya wenzake. Hakulia sana. Alinitazama tu, na kutazama kule kuliniuma baadaye kuliko kilio. Kazi ya kuokota mayai nikampa mtoto mwingine. Siku tano zikapita, na mayai hayakuongezeka.

Wakati huo mama mkwe wangu alikuwa amekuja kututembelea. Kwa kuwa kati ya mkwe na mkwe kuna heshima yake, hakuniambia mimi. Alimwambia binti yake, nami nikasikia: "Mwambie mwalimu aitazame midomo ya kuku."

Nikaenda kuitazama. Kuku watatu walikuwa na kiini cha yai kimekaukia midomoni. Nikajificha nyuma ya banda, nikachungulia katika ufa. Haikupita saa moja, kuku mmoja akataga, akasimama, akageuka, akalidonoa yai lake mwenyewe hata likapasuka, na wenzake wakaja mbio kula pamoja naye. Ganda lilikuwa jembamba kama karatasi. Tena nikaona jambo jingine nisiloliangalia zamani: kuku wawili walikuwa watupu migongoni, karibu na mkia, na mwenzao mmoja alikuwa akiwanyonyoa manyoya na kuyameza.

Jioni ile nilimwita mpwa wangu mbele ya watu wote wa nyumbani, nikamwomba radhi. Si jambo jepesi mkubwa kumwomba mdogo radhi. Lakini kwa kuwa adhabu niliitoa mbele ya watu, radhi nayo ilipasa kuombwa mbele ya watu. Asubuhi nikamwendea bwana mifugo, nikamsimulia yote. Hakuniuliza habari za wezi wala za wachawi. Aliniuliza swali moja tu: "Tangu mlipowafungia, mnawapa nini?"

Swali hilo ndilo somo letu la mwezi huu.

CHAKULA HUGEUZA MWENENDO

Mtu asidhani ya kwamba haya ni maneno ya kubahatisha. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa akifanya kazi katika mji wa Batavia kisiwani Java, ambao leo waitwa Jakarta. Alikuwa akichunguza ugonjwa wa beriberi, ulegezao miguu na mikono ya watu. Mwaka 1889 kuku aliowafuga kwa ajili ya uchunguzi wakaanza kupepesuka kama walevi, kisha wakaanguka wasiweze kusimama. Yeye alidhani ni vijidudu vya ugonjwa. Baada ya miezi kadhaa kuku wakapona, wala hakuwa amewapa dawa yo yote.

Alipouliza sana akapata habari yenyewe. Kwa muda ule kuku walikuwa wakilishwa wali mweupe wa jikoni mwa hospitali ya askari. Kisha akaja mpishi mpya, akakataa kuwapa kuku wa raia chakula cha askari, nao wakarudishiwa mchele wao wa kwanza, usiokobolewa sana. Ugonjwa uliingia pamoja na wali mweupe, na ulipoondolewa wali mweupe ugonjwa nao ukaondoka. Baadaye ikajulikana kwamba katika ile ngozi nyembamba ya punje, itokayo pamoja na pumba, mna kitu kiitwacho leo vitamini B1. Eijkman alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1929, na kwa sehemu kubwa alifundishwa na kuku.

Kuku wale wa Java hawakuwa wavivu wala hawakurogwa. Walikuwa wamepungukiwa na kitu kidogo sana katika chakula chao, na upungufu ukaonekana katika mwendo wao. Kuku wetu nao walikuwa wamepungukiwa, ila kwao upungufu ulionekana midomoni.

CHOKAA NA GANDA

Tuanze na yai lenyewe. Kuku hulitengeneza yai moja kwa saa 24 hadi 26, na katika saa hizo karibu 20 ni za kulijenga ganda. Ganda la yai la kuku wa kisasa lina uzito wa gramu 5 au 6, na karibu lote ni chokaa. Ndani yake mna gramu 2 hivi za madini yaitwayo kalisi. Lakini si yote aliyokula kuku hufika gandani. Kwa hiyo kuku atagaye karibu kila siku huhitaji kula gramu 4 hivi za kalisi, nazo hupatikana katika gramu 10 hivi za magamba ya chaza yaliyopondwa, au za mawe ya chokaa yaliyosagwa.

Sasa fanya hesabu. Kuku huyo hula gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku. Ukimpa mahindi matupu kadiri hiyo, hatapata kalisi hata sehemu moja ya kumi ya gramu. Basi ganda lajengwa kwa nini? Lajengwa kwa mifupa yake. Kuku jike ana akiba ya chokaa ndani ya mifupa yake. Usiku, ganda linapojengwa naye hali kitu, huichukua akiba hiyo, na mchana huirudisha kwa chakula. Asipopata chokaa huwa ni mtu akopaye asilipe. Kwanza ganda huwa jembamba. Kisha mayai mengine hutoka na utando tu. Mwisho kuku mwenyewe hulegea miguu, na mifupa yake huvunjika kwa jambo dogo.

Kuku aliyepungukiwa na chokaa huitafuta. Ukiweka chokaa katika chombo chake peke yake, utaona ya kwamba kuku watagao huiendea zaidi alasiri na jioni, kabla ya kupanda kulala, kana kwamba wanajua kazi iwangojayo usiku. Basi kuku kama huyu akiliona yai jembamba limepasuka kiotani, hulionja. Ndani yake hukuta chakula kitamu, na ganda lenyewe ni kile alichokuwa akikitafuta. Siku ya pili hangoji lipasuke. Tena kuku hujifunza kwa kutazamana: aanzapo mmoja, wengine hufuata.

Ninyi walimu mwaweza kuwaonyesha watoto jambo hili bila gharama. Litieni yai zima katika bilauri ya siki, mliache siku moja au mbili. Siki italiyeyusha ganda, na yai litabaki na utando laini, likibonyea mkononi. Hivyo ndivyo yalivyo mayai ya kuku aliyenyimwa chokaa.

Maneno mawili ya kuonya. La kwanza, changarawe si chokaa. Changarawe ni meno ya kuku. Hukaa katika firigisi na kusaga punje, nayo yafaa sana kwa kuku aliyefungiwa. Lakini haijengi ganda. La pili, chokaa nyingi ni ya kuku watagao tu. Vifaranga, na kuku wadogo ambao hawajaanza kutaga, wasilishwe chakula cha wakubwa, kwa maana chokaa ile huharibu figo zao.

MANYOYA NA NYAMA YA NZIGE

Habari ya manyoya ina sababu nyingine. Unyoya karibu wote ni protini, yaani ile sehemu ya chakula ijengayo mwili. Yai moja nalo lina gramu 6 au 7 za protini. Kwa ajili hiyo kuku atagaye huhitaji chakula chenye protini sehemu 16 au 17 katika kila sehemu 100. Mahindi yana 8 au 9 tu. Tena protini hujengwa kwa vitu vidogo vingi, kama ukuta ujengwavyo kwa matofali ya namna mbalimbali. Na mahindi yamepungukiwa na baadhi ya matofali hayo, yaani lisini, triptofani, na methionini, ambayo mwili huitumia katika kutengeneza manyoya.

Kuku wetu walipokuwa huru walijilisha wenyewe yale tusiyowapa. Walikula mchwa, nzige, kumbikumbi na funza wa jalalani. Tulipowafungia tuliwanyima nyama hizo zote siku moja, wala hatukuweka kitu mahali pake. Kuku aliyepungukiwa hivyo huanza kudonoa manyoya ya wenzake na kuyala. Na damu ikitokea jambo huwa baya zaidi, kwa kuwa kuku huvutwa na wekundu wa jeraha. Humdonoa mwenzao aliyejeruhiwa mpaka afe. Kwa hiyo kuku mwenye jeraha atengwe siku ile ile.

Upungufu wa chumvi nao huleta kudonoana. Chumvi yatosha gramu 30 katika kilo 10 za chakula. Lakini angalieni sana: dagaa wengine wamekaushwa kwa chumvi, na chumvi ikizidi huwaua kuku. Ukiwa na dagaa wa chumvi, usiongeze nyingine.

MDOMO HUTAKA KAZI

Hapa ndipo wengi wetu hukosea hata tukiwa na chakula chema. Twadhani kuku akishiba amekwisha. Lakini kuku ametoka katika ukoo wa kuku wa mwituni wa Asia, ambao hutafuta riziki yao punje kwa punje. Mwaka 1989 mtaalamu wa Uingereza, Marian Stamp Dawkins, alieleza habari za kuku wa mwitu waliokaa huru katika bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani. Kuku hao walipewa chakula kila siku. Hata hivyo, katika saa zao za kuamka na kutembea, walionekana wakidonoa ardhi katika dakika 60 kwa kila 100, na wakichakura katika dakika 34 kwa kila 100. Chakula walikuwa nacho, na kazi ya kukitafuta hawakuiacha.

Basi tafakari hali ya kuku aliyefungiwa juu ya sakafu tupu. Hula chakula chake kwa muda mfupi, na saa zote zilizobaki mdomo wake hauna kazi. Hapana majani, hapana udongo, hapana mchwa. Kilichopo mbele yake ni mgongo wa mwenzake. Wataalamu wa Ulaya wamejaribu mara nyingi, wakaona kwamba kuku wapewao makapi na nyasi za kuchakura hawadonoani sana kama wale wasio nazo. Na kwamba chakula cha vidonge, kwa kuwa humezwa upesi, huacha nafasi ya kunyonyoana kuliko chakula cha unga ulioparazwa, kilikacho polepole. Vyakula vyenye nyuzinyuzi, kama maganda ya nafaka na majani, navyo hutuliza.

Dawa yake basi ni rahisi. Funga fungu la mchicha, au majani ya kabichi au ya kunde, ulitundike kwa kamba juu kidogo ya vichwa vyao, ili walidonoe huku likicheza. Tandika makapi ya mpunga au nyasi kavu sakafuni, umwagie humo konzi chache za mtama, wazitafute wenyewe.

MAJI

Sikudhani ya kwamba maji yangetajwa, lakini bwana mifugo aliyataja kabla ya chumvi. Yai, ukiacha ganda lake, sehemu tatu katika nne ni maji. Kuku hunywa maji mara mbili ya uzito wa chakula alacho, na siku za joto huzidisha. Kuku 12 wahitaji lita tatu kwa siku, na zaidi wakati wa jua. Sisi tuliwajazia sufuria moja asubuhi, na saa sita ilikuwa imekwisha kupinduliwa. Kuku mwenye kiu hupunguza kula, na asipokula hupungukiwa na kila kitu tulichokitaja hapo juu. Na yai lililopasuka kwake ni chakula na kinywaji pamoja.

DAWA ZISIZO DAWA

Watu huwa na dawa zao kwa kuku alaye mayai. Wengine humchoma mdomo kwa kisu cha moto. Huo ni ukatili, maana mdomo wa kuku una mishipa ya fahamu, nao huhisi maumivu. Tena kuku aliyeumizwa mdomo hula kwa shida, na upungufu wake huongezeka. Hata katika mashamba makubwa, ambako ncha za midomo hukatwa ili kuku wasidonoane, jambo hilo limebishaniwa sana, na katika nchi kama Sweden limekatazwa kwa sheria.

Wengine hulitoboa yai, wakatia pilipili ndani yake, wakiliacha kiotani ili mwizi aungue. Mimi nami nilifanya hivyo. Kuku walilila yai lile lote, wakapangusa midomo yao chini, wakaendelea na shughuli zao. Baadaye nikajifunza sababu: ndege hawausikii ukali wa pilipili kama sisi tuusikiavyo. Ndiyo maana twaona ndege wakila pilipili shambani, na kuzitawanya mbegu zake.

TULIVYOFANYA SISI

Tuliacha kuwapa mahindi na pumba peke yake. Kwa msaada wa bwana mifugo twachanganya sasa karibu kilo 10 kwa mara moja, hivi: mahindi yaliyoparazwa kilo 4, pumba za mahindi kilo 2, mashudu ya alizeti kilo 2, dagaa waliosagwa wasio na chumvi kilo 1, chokaa ya mifugo gramu 900, na chumvi gramu 30. Juu yake twatia mchanganyiko wa vitamini na madini uuzwao katika maduka ya mifugo, kwa kipimo kilichoandikwa pakitini. Kila kuku hupata gramu 120 hivi kwa siku. Hatukukibadili chakula chote siku moja. Tulichanganya kipya na cha zamani kwa muda wa juma moja. Dagaa twawachagua kwa macho, maana wengine huuzwa na mchanga mwingi. Na mahindi yenye ukungu hatuwapi kuku, tukisema kwamba "ni kuku tu". Sumukuvu huwadhuru wao pia.

Kando ya chakula tumeweka chombo cha magamba ya chaza. Asiyeyapata aweza kutumia maganda ya mayai ya jikoni, ila ayaoshe, ayakaushe motoni, na ayaponde mpaka yasifanane tena na yai, asije akawafundisha kuku kosa lile lile tunalolikimbia. Mayai huokotwa mara tatu kwa siku. Viota tumevitia mahali penye giza kidogo, tukaviwekea nyasi nyingi, kiota kimoja kwa kuku wanne. Na alasiri, saa mbili kabla ya magharibi, mtoto mmoja huwatoa kuku uwanjani akiwachunga wasiende kwa jirani.

Majuma mawili ya kwanza hatukuona badiliko kubwa, ila maganda yalianza kuwa magumu. Katika juma la nne mayai yakarudi 7, kisha 8. Manyoya yalichelewa zaidi. Wala sitaficha kwamba kuku wawili hawakuacha kabisa kula mayai. Mazoea yalikwisha kuwa tabia, na chakula chema hakikuwarudisha. Mtu mmoja alinishauri niwapeleke mnadani. Nikaona ya kwamba kumwuzia mwenzangu kuku mla mayai pasipo kumwambia ni kumwuzia hasara. Tukawachinja, mmoja siku ya kumsindikiza binti yetu shuleni, na wa pili siku ya pili yake.

SI KILA KOSA NI LA CHAKULA

Nisije nikawapoteza wasomaji, nasema na hili. Kuku wakibanana sana, au jua kali likiwapiga bandani, au wakiwa na chawa na utitiri, watadonoana hata wakila vizuri. Na kuku akipinda shingo na kupepesuka, usiseme kwamba ni kama wale wa Java, ukamletea pumba; hapa kwetu mara nyingi huo ni ugonjwa wa kideri, ambao wengine huuita mdondo, nao hauna dawa ukiisha ingia. Kinga yake ni chanjo ya matone ya jicho, irudiwayo kila baada ya miezi mitatu. Mwiteni bwana mifugo mapema.

Lakini kuku wazima wakianza kufanya mambo yasiyo desturi yao, wakila mayai, wakinyonyoana, wakidonoa kuta na miti ya banda, basi kabla ya kumshuku mtoto, au mtumishi, au jirani, nenda kwanza ukakitazame chombo cha chakula. Jiulize maneno haya: Wana chokaa? Wana kitu cha kujenga mwili badala ya wadudu waliowakosa? Wana chumvi kidogo? Maji yatosha hata jioni? Na mdomo una kazi gani mchana kutwa?

Mpwa wangu amerudishiwa kazi yake ya mayai, kwa ombi lake mwenyewe. Ana daftari aandikalo hesabu ya kila siku, na pembeni huandika walichokula kuku siku ile. Juma lililopita alinijia akasema, "Mjomba, magamba ya chaza yamekwisha tangu juzi." Nikamwambia nitanunua siku ya soko. Akanijibu kwa adabu kwamba siku ya soko ni mbali, nao kuku watataga usiku huu. Nikachukua baiskeli nikaenda.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutasema habari za kulea vifaranga wakati wa baridi. Kwaherini.